Darubini: Kishikio Kinapozunguka Bure

Leo twaeleza vishikio vidogo vinavyoisogeza darubini polepole.

Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Mwezi una upana wa nusu digrii hivi. Basi usipoufuata, kwa dakika 2 utakuwa umehama upana wake wote.

Ukizungusha kishikio, unazungusha chuma chenye hesi mfano wa skrubu, nacho husukuma meno ya gurudumu. Je, kishikio kikizunguka na darubini isisogee? Usikimbilie kukaza. Tafuta sababu kwanza.

Je, skrubu inayoshika kishikio imelegea? Kaza hiyo tu. Je, kibano cha mhimili kimefungwa? Kifunge. Je, darubini imeelemea upande mmoja? Isawazishe.

Kama yote ni mema, basi hesi imekaa mbali na meno. Legeza kidogo skrubu zinazoishika, isogeze karibu kwa unene wa karatasi, kisha kaza. Zungusha gurudumu pande zote. Likikwama mahali, umezidisha, rudi nyuma. Ulegevu kidogo si ubaya, bali meno yaliyobanwa kwa nguvu huliwa, na meno yaliyolika hayatengenezeki kwa bisibisi.

Kishikio kikiwa kizito, huenda grisi imeganda. Ifute kwa mafuta ya taa, kausha, upake mpya.

Jaribu kazi yako kwa mwezi, wala usielekeze darubini kwenye jua: utapofuka.