Mwalimu na Ajue Bima Yake Inalipia Dawa Gani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii walimu huwafunza wanafunzi wao kila mwaka, lakini wengi hawaizingatii katika suala la bima ya afya. Utamkuta mfanyakazi ajuaye barabara kiasi kinachokatwa katika mshahara wake, ila ukimwuliza ni dawa zipi bima itamlipia na zipi atajinunulia, hana jibu.

Hali hii ina historia. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoundwa mwaka wa 1966 na ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pake Oktoba 2024, kwa miaka mingi ilijulikana hasa kwa kulipia kitanda hospitalini. Tukazoea kudhani kuwa kuugua ni kulazwa. Ilhali shinikizo la damu na kisukari hayamlazi mtu kila siku; humdai kidonge kila siku.

Mpango wa bima unaotolewa na mwajiri kwa kawaida huwa na fungu la kulazwa na fungu la matibabu ya nje. Dawa anazoandikiwa mgonjwa anayerudi nyumbani hutolewa katika fungu hili la pili, ambalo mara nyingi ndilo dogo, na hutumiwa na familia nzima.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme fungu hilo ni shilingi 50,000 kwa mwaka, na mama anatumia dawa ya shilingi 4,000 kila mwezi. Kufikia Desemba atakuwa ametumia 48,000. Mumewe na watoto wamebakiziwa 2,000! Lakini iwapo dawa iyo hiyo inapatikana kwa shilingi 800 chini ya jina lake la kitaalamu, atatumia 9,600, na 40,400 zitasalia.

Je, dawa hiyo ya bei nafuu ni hafifu? La hasha. Metformini ni metformini, iwe imeandikwa Glucophage au jina jingine, mradi imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Tofauti kubwa huwa ni jina na bei. Hata hivyo, mgonjwa asijibadilishie dawa mwenyewe. Amwulize daktari au mfamasia, kwani huenda pakawa na sababu ya kutobadilisha.

Yapo maswali mengine yafaayo kuulizwa mapema, kabla ya homa kubisha hodi. Je, kuna orodha ya dawa zinazokubaliwa? Zipi zahitaji idhini ya bima kwanza? Magonjwa ya kudumu yametengewa kikomo chake? Mgonjwa hutoa mchango gani kila anapotibiwa? Fungu likiisha Agosti, atafanyaje hadi Desemba?

Hata hivyo, si haki kumlaumu mfanyakazi peke yake. Mikataba mingi ya bima imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na aghalabu hubaki katika makabati ya ofisi za Nairobi. Mwalimu wa Lodwar au Lamu ataisoma wapi? Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu huduma anayopewa. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi kuna kizuizi gani cha kuchapisha orodha ya dawa na vikomo vyake kwa Kiswahili sanifu, na kuibandika katika kila chumba cha walimu?

Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, hupigania nyongeza za mishahara kwa ari kubwa, na vinastahili pongezi. Lakini nyongeza inayoishia katika duka la dawa si nyongeza. Majadiliano yajayo yaitaje orodha hiyo kwa jina, na kila mwanachama apewe nakala yake kabla ya mkataba wowote mpya kutiwa sahihi.