Mmea Unajuaje Kwamba Mvua Imekatika?

Kama una jamaa Kathonzweni au kwingineko Ukambani, bila shaka umewahi kuona jambo hili. Mvua za vuli zimeanza vizuri mwezi wa Novemba, watu wamepanda, kisha mvua ikakatika kabla ya Krismasi. Kufikia Januari shamba la mahindi limekauka, majani yamejikunja, na mkulima anawafungulia ng'ombe waingie wale walau mabua. Hatua chache kutoka hapo mbaazi zimesimama kijani, zikingoja. Ardhi ni moja, mvua ilikuwa moja na jua ni lile lile. Mbona huyu afe na jirani yake aishi?

Mwulize mkulima naye atakuambia kwamba mbaazi ina mzizi mrefu. Amesema kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Mmea wowote, uwe mbaazi, ndengu au mahindi, hufika saa ambapo ni lazima uamue: niendelee kukua, au nifunge milango nisubiri? Nao hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Uamuzi huo hufanywa na protini zinazokutana na kushikana ndani ya seli zake.

Wako wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotumia miaka minne au mitano kuchunguza jinsi protini mbili au tatu tu za namna hiyo zinavyoshikana, ili wapate shahada ya uzamifu. Jirani akisikia hivyo hucheka: "Miaka mitano kwa protini mbili!" Leo hebu tutazame kwa nini kazi hiyo si ya kuchekwa, hasa na mtu ambaye chakula chake hutoka katika nchi kavu.

Jeni na wafanyakazi wake

Ukisikia neno protini, yamkini unafikiria maharagwe, mayai na nyama. Ndani ya seli, protini ndizo wafanyakazi. Zipo zinazojenga, zinazosafirisha na zinazolinda. Maagizo ya kutengeneza kila protini yameandikwa katika jeni, na jeni zote zimepangwa katika uzi mwembamba uitwao DNA.

Sasa, seli ya jani na seli ya mzizi wa mmea mmoja zina jeni zile zile. Tofauti yao ni kwamba katika jani jeni fulani zimewashwa na nyingine zimezimwa, na katika mzizi vivyo hivyo kwa mpango mwingine. Nani anayewasha na kuzima? Ni protini nyingine, ambazo hukaa juu ya DNA mahali maalumu. Nazo aghalabu hazifanyi kazi peke yake. Moja hushikwa na nyingine, nyingine huachiliwa, na kutokana na kushikwa na kuachiliwa huko jeni huwaka au huzimika.

Maksai na mwenye kamba

Tuchukue mfano wa ukame. Maji yanapopungua, mmea hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo asidi ya absisiki. Hii ndiyo habari ya kiu, inayosambazwa mwilini mwa mmea kama barua ya dharura.

Katika seli iliyoshiba maji mna protini moja yenye nguvu, ambayo tutaiita maksai. Iko tayari kufanya kazi, lakini kuna protini ya pili inayoishikilia isiende popote. Hiyo ya pili ni mwenye kamba. Maadamu mwenye kamba hajaachia, maksai hatikisiki.

Barua ya kiu ikifika, hupokewa na protini ya tatu, yaani mpokezi. Mpokezi ana nafasi kama kiganja. Homoni ikiingia humo, kiganja hufumba, na umbo la mpokezi hubadilika kidogo. Kwa umbo hilo jipya anaweza kumkamata barabara mwenye kamba. Mwenye kamba akikamatwa, maksai huwa huru.

Maksai aliyeachiliwa hufanya mambo mawili. Kwanza, katika seli zinazolinda vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, husaidia kuvifunga, na maji huacha kupotea ovyo. Pili, huzitia protini zinazokaa juu ya DNA chembe ndogo za fosfeti, mfano wa kuzipiga muhuri. Zikiisha kupigwa muhuri, hizo huwasha jeni za kujihami: jeni za protini zinazolinda seli zisiharibike zinapokauka.

Naam, hivyo ndivyo mmea "unavyojua" kwamba mvua imekatika.

Zaidi ya miaka arobaini ya kutafuta

Homoni hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1960. Lakini aliyekuwa akiipokea hakujulikana kwa uhakika hadi mwaka 2009, wakati makundi mawili yalipotangaza jibu moja mwaka huo huo: moja la Sean Cutler wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, nchini Marekani, na jingine la Erwin Grill wa Munich, Ujerumani. Walitumia mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ambao ni wa ukoo mmoja na sukumawiki na kabichi.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kwa sababu mpokezi si mmoja. Arabidopsis ina wapokezi wa namna hiyo 14. Ukiharibu jeni ya mmoja ili uone mmea utaumwa nini, wenzake hushika kazi yake na mmea huonekana mzima. Ni kama kumtafuta mpiga ngoma mmoja katikati ya ngoma kumi na nne kwa kumnyamazisha mmoja mmoja.

Hamira ile ile ya mandazi

Sasa msomaji, utauliza: protini haionekani kwa macho, wala kwa hadubini ya shuleni. Mtu anajuaje kwamba mbili zimeshikana? Jibu litawafurahisha wapishi. Njia mojawapo inayotumika sana hutegemea hamira, jamii ile ile inayoumua mkate na mandazi. Ilibuniwa mwaka 1989 na Stanley Fields na Ok-kyu Song huko Marekani, na makundi yote mawili ya mwaka 2009 yaliitumia.

Hamira ina protini yake yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hushika DNA, ya pili huwasha jeni. Ukizitenganisha, hakuna kinachowaka. Mtafiti huibandika protini ya mmea anayoichunguza kwenye sehemu ya kwanza, na ile anayodhani ni mwenzake kwenye sehemu ya pili. Kisha huiweka hamira hiyo kwenye sahani ya chakula kilichopungukiwa na kitu kimoja ambacho hamira haiwezi kuishi bila hicho. Protini mbili za mmea zikishikana, sehemu mbili za hamira hukaribiana, jeni huwaka, na hamira hujitengenezea kile kilichokosekana. Baada ya siku chache doa jeupe huota kwenye sahani. Zisiposhikana, sahani hubaki tupu.

Lakini hamira nayo huweza kudanganya. Protini mbili zinaweza kushikana katika hamira, kumbe katika jani hazikutani kamwe, kwa kuwa moja iko kwenye mzizi na nyingine kwenye ua. Kwa hiyo mwanafunzi hurudia kwa njia nyingine, ndani ya mmea wenyewe.

Sasa piga hesabu. Arabidopsis ina wapokezi 14 na wenye kamba wa aina hiyo 9. Hizo ni jozi 126 za kujaribu, kabla hujagusa maksai wala protini za juu ya DNA. Jozi nyingine hushikana hata homoni ikiwa kidogo sana, nyingine hungoja mpaka iwe nyingi. Hapo ndipo miaka mitano inapokwenda.

Kufunga mapema, kufunga kwa kuchelewa

Kuna faida gani kwa mtu wa Kathonzweni? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Vitundu vinavyotoa mvuke ndivyo hivyo hivyo vinavyoingiza hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Mmea ukivifunga, unaokoa maji lakini unajinyima chakula. Mmea mwoga, unaofunga kila jua linapozidi kidogo, utaishi lakini hautazaa. Mmea shujaa, unaokawia kufunga, utazaa sana mwaka wa mvua na kufa mwaka wa ukame. Zao "linalostahimili ukame" halitoshi likiishi tu. Watu hawali majani yaliyonusurika, wanakula punje.

Njia ya zamani ya kuepa tatizo hili ni kukimbia. Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa mahindi yaliyojulikana kwa jina hilo hilo la Katumani, yanayochanua na kukomaa upesi kabla mvua haijaisha. Hata kuchanua huko ni kazi ya protini kukutana. Mwaka 2005 ilionyeshwa, katika Arabidopsis, kwamba protini moja hutengenezwa katika jani na kuungana na nyingine kwenye ncha ya shina, nazo pamoja huwasha jeni za maua. Zikikutana mapema, mmea huchanua mapema.

Kukimbia nako kuna kikomo. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mvua isiponyesha kabisa, huna pa kukimbilia. Ndiyo maana wataalamu wanataka kuelewa ni jozi zipi za protini zinazoamua lini mmea ufunge, na zipi zinazoamua ufungue upesi mvua ikirudi. Akijua hilo, mfugaji wa mbegu anaweza kuchagua mimea wazazi kwa busara badala ya kubahatisha.

Tuna orodha ya majina, bado hatujui nani ni rafiki ya nani

Mengi ya hayo yamegunduliwa katika mmea usioliwa na mtu. Je, mazao yetu? Habari njema zipo. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na shirika la ICRISAT walitangaza ramani ya jeni za mbaazi, zaidi ya 48,000. Mwaka 2023 ikatoka ramani bora ya njahe, katika kazi iliyoongozwa na wanasayansi wa Kiafrika, wengine wao wakifanya kazi katika taasisi ya ILRI mjini Nairobi.

Hata hivyo, ramani hiyo ni kama kitabu cha simu. Kina majina yote, lakini hakikuambii nani humpigia nani usiku. Ya mbaazi, njahe, kunde na ndengu yangali mengi ya kuchunguzwa, na anayefaa zaidi kuyachunguza ni kijana aliyekula muthokoi na mbaazi hizo utotoni na anayejua njaa ya Februari ilivyo.

Jaribuni nyumbani

Panda ndengu katika makopo mawili. Zikiwa na majani ya kutosha, acha kumwagilia kopo moja kwa siku kadhaa, lakini usingoje mpaka mmea ukauke. Asubuhi moja yenye jua, funika tawi moja la kila mmea kwa mfuko mwangavu wa plastiki, funga kwa uzi, kisha weka makopo yote mawili mahali pamoja penye mwanga, pasipo jua kali. Baada ya saa chache tazama matone ndani ya mifuko. Yatakuwa mengi kwa mmea ulioshiba na machache kwa wenye kiu. Mwenye kamba amekamatwa, maksai yuko huru, na vitundu vimefungwa.

Na wewe mzazi mwenye kijana chuoni Kitui, Nairobi au ng'ambo, akikuambia mwaka wa nne kwamba bado anahangaika na protini mbili, usimwulize atamaliza lini. Mwulize zinashikana wakati gani, na zinaachiliana wakati gani. Akiweza kukujibu kwa lugha ya nyumbani, basi ujue kazi inakwenda. Mbegu njema haiji kwa msimu mmoja.