Mgeni Aliyegeuka Kuwa Babu

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wa milima ya Usambara hawahitaji kufundishwa maana ya methali hiyo. Masimulizi yao wenyewe yanaeleza kwamba Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, hakuzaliwa Usambara. Alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, akapokewa kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na nyama akawagawia wenyeji. Kwa hiyo apandaye leo kutoka Korogwe kwenda Bungu apanda katika nchi ambayo hata ukoo wake wa kifalme ulianzishwa na mgeni.

Wako wageni wengine wa milima hiyo ambao hawaimbwi wala hawatajwi sana. Mwaka 1896, Wajerumani walifungua huko Lutindi makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Watoto hao hawakuhama kwa hiari yao. Walinyang'anywa kwao, na walipofunguliwa hawakuwa na mahali pa kurudi. Mwaka 1904 wagonjwa wa akili wakaanza kutunzwa mahali pale pale, na hospitali ya Lutindi ingali ikitoa huduma hiyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Hospitali inajulikana. Swali tunalopenda kuliuliza leo ni la wale watoto: mtu asiye na baba wa kumwonyesha, asiye na ukoo wa kumwombea mke, alipataje kuwa baba, na kisha kuwa babu wa watu?

Jibu limo katika maisha ya mmoja wao ambaye habari zake zimehifadhiwa, ingawa yeye alipitia Unguja badala ya Usambara. Naye ni Padre Cecil Majaliwa.

Majaliwa alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto. Aliachwa huru Unguja, akalelewa na misheni ya UMCA, ile ile iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alisoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, kusini, katika nchi ya Wayao. Mwaka 1890 akapewa upadre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo.

Tulitafakari jambo hili. Mtoto aliyetolewa katika watu wake kama bidhaa alirudi kwa watu hao hao akiwa mwalimu na mchungaji, pamoja na Lucy mkewe. Lugha ilikuwa yake, lakini nyumba ya baba yake haikuwapo tena. Alikuwa mgeni kwao. Alikaa Chitangali miaka 11, akisomesha na kuhubiri, na mara nyingi bila Mzungu wa kumsimamia. Jumbe Nakaam wa mahali pale alibatizwa, akaitwa Barnaba. Ucha Mungu wa Majaliwa haukuwa wa maneno ya Jumapili tu. Ulikuwa kazi ya kila siku, mbali na wakubwa wake, mahali ambapo angalilegea pasingekuwa na wa kumwona.

Mwaka 1897 alirudi Unguja, naye hakupata kuwa askofu. Tangu upadre wake mpaka Mwafrika wa kwanza, John Sepeku, alipowekwa kuwa askofu katika misheni hiyo hiyo mwaka 1963, ilipita miaka 73. Hatuandiki hayo ili kufufua chuki. Twayaandika kwa kuwa subira ya wazee wale ni sehemu ya urithi wao, na asiyejua walivyosubiri hawezi kujua thamani ya walichotuachia.

Na walichotuachia kinaonekana. Katika uzao wa Majaliwa alitoka John Ramadhani, aliyezaliwa mwaka 1932. Huyu aliongoza Chuo cha Ualimu cha St. Andrew's, Korogwe, chini ya milima hii hii, kuanzia mwaka 1967 hadi 1969. Mwaka 1980 akawa Askofu wa Zanzibar na Tanga, na mwaka 1984 Askofu Mkuu wa Tanzania. Siku hizo visiwa na milima ya Usambara vilikuwa chini ya dayosisi moja. Basi msomaji wa Unguja asidhani kwamba habari za Korogwe na Bungu ni habari za mbali. Bahari ilitenga nchi, haikutenga watu.

Yuko pia baba mwingine, wa pwani ya Kenya, ambaye tunamjua kwa sababu moja tu: mwanawe alishika kalamu. James Mbotela alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akaeleza jinsi wazee wake walivyotekwa, walivyookolewa baharini, na walivyoanza maisha mapya Freretown, karibu na Mombasa. Angaliweza kunyamaza kwa aibu. Hakunyamaza, na leo shuleni na majumbani watu wengi wanayajua mambo ambayo bila yeye yangalizikwa.

Hapo ndipo penye jambo. Katika familia nyingi za visiwani na za bara, babu aliyekuja mgeni hutajwa nusunusu. Jina lake la ubatizo lajulikana, la kwao halijulikani. Huambiwa "alitoka bara", na mazungumzo huishia hapo. Watu wanaogopa neno utumwa, kana kwamba aibu ni ya aliyeuzwa, si ya aliyeuza. Methali yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Mzee aliyeuzwa hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Sisi tunaoisahau kwa hiari tutajitetea kwa lipi?

Twawaomba viongozi wa serikali, wa wilaya na wa mikoa, wayatunze makaburi ya zamani wanapopima barabara na viwanja. Twawaomba viongozi wa makanisa wavihifadhi vitabu vya ubatizo na vya ndoa visiliwe na mchwa, maana kwa mtu asiye na ukoo ukurasa ule ndio ukoo wake. Walimu wawatume wanafunzi kuwauliza wazee, nao waandike watakayoyasikia.

Na wewe uliye na babu aliye hai, iwe Bungu au Mkunazini, muulize leo: baba yake alitoka wapi, alipokewa na nani, alisali wapi? Mwenyeji alimkaribisha mgeni akapona. Deni lililobaki ni letu, nalo si kubwa: kulijua jina lake.