Kila Roho na Jina Lake: Nasaha kwa Familia Zisafirizo Baharini

Ndugu zetu wasomaji, maji yateremkayo kutoka milima ya Uluguru huingia katika mto Ruvu, huunywesha mji wa Dar es Salaam, kisha yakaishia katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Lakini wako wazee wengi wa Matombo, Mgeta na Kinole ambao wameyaona maji hayo yakitoka mlimani miaka yao yote, wala hawajapata kuiona bahari yanakoishia.

Siku hizi jambo hili linabadilika. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari iliyokuwa ikimchosha mtu kwa saa nyingi sasa huchukua muda usiozidi saa mbili. Stesheni ya Dar es Salaam nayo haiko mbali na gati ya meli ziendazo Unguja. Mtu akiondoka Morogoro asubuhi, aweza kuswali Alasiri katika msikiti wa Mji Mkongwe. Basi likizo ya shule inapokaribia, vijana huwauliza wazazi wao, "Baba, mwaka huu hatuendi Zanzibar?"

Hatuoni ubaya wa ombi hilo. Dini yetu haikukataza matembezi ya halali, na kuwatembelea jamaa ni ibada. Hata hivyo kila jambo lina mlango wake wa kuingilia, na mlango wa safari ni matayarisho. Kwa hiyo twapenda mwezi huu kuzungumza na akina baba, akina mama na vijana juu ya safari ya baharini: namna ya kuipanga, namna ya kukaa melini, na hayo yaitwayo faida za msafiri wa daima ambayo watu wengi huyakimbilia.

Wakati wa kusafiri

Mtu wa mlimani hujua mvua ya vuli na ya masika. Mtu wa pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Kusi huvuma kutoka kusini tangu miezi ya Aprili na Mei, na huwa kali khasa Juni, Julai na Agosti. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kati ya pepo hizi mbili huwako vipindi vya shwari. Sasa angalieni: likizo ya katikati ya mwaka huangukia ndani ya kusi. Familia isiyopata kupanda chombo cha bahari ingefaa iingoje Desemba. Na ikiwa lazima iende Juni, ichague meli ya asubuhi, maana mara nyingi upepo huzidi nguvu kadiri jua lipandavyo.

Tena, wakati wa kusi meli iendayo Unguja huelekea kaskazini, upepo ukiwa nyuma yake, lakini katika kurudi hupambana na mawimbi usoni. Hivyo asidanganyike mtu kwamba kwa kuwa alikwenda salama bila ya kuchafukwa na moyo, atarudi vivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Isikilizeni siku mbili kabla ya kuondoka, na tahadhari ikitolewa, ahirisheni. Kukosa siku moja ya matembezi si msiba.

Gharama na tiketi

Safari ya furaha isianze kwa deni la riba. Baba akusanye kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, na watoto wenyewe wafundishwe kutia sarafu zao katika kopo la safari. Treni ilipoanza, nauli ya kawaida kati ya Morogoro na Dar es Salaam ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hata 12 alilipa nusu yake. Zidisheni nauli kwa idadi yenu, kwenda na kurudi, ongezeni nauli ya meli, malazi, chakula na akiba ya dharura. Ikiwa jumla yake yagusa karo ya shule au chakula cha nyumbani, basi safari hiyo wakati wake haujafika.

Nauli ya meli hutofautiana kwa daraja la kiti, na mwenyeji hulipa kiasi kilicho chini ya kile alipacho mgeni. Kwa hiyo msisahau vitambulisho. Nunueni tiketi katika ofisi ya kampuni yenyewe au kwa wakala wake ajulikanaye, siku kadhaa mapema. Gatini wapo vijana waitwao vishoka, ambao humvamia mgeni, humpokonya mizigo kwa jina la kumsaidia, na humwuzia tiketi yenye jina la mtu mwingine. Jawabu lao ni salamu njema na kuendelea na njia yenu.

Faida za msafiri wa daima

Meli kubwa za watalii huja Mombasa na Zanzibar, na vijana wetu wengi huzitamani waonapo picha zake. Kampuni za meli hizo humpa mteja alama kwa kila usiku alalao baharini, na alama zikizidi hupewa heshima na zawadi. Kwa mfano, kampuni ya Royal Caribbean hutoa kwa kawaida alama moja kwa usiku mmoja. Daraja lake la Platinum hufikiwa kwa alama 30 na la Diamond kwa alama 80. Fanyeni hesabu: mtu asafiriye siku saba kila mwaka atahitaji zaidi ya miaka kumi na mmoja ili azifikie alama 80. Na akifika, miongoni mwa zawadi zake ni vocha za vinywaji za kila siku, ambazo wengi huzitumia kwa pombe, katika meli ambayo ndani yake mna pia ukumbi wa kamari.

Hatusemi kwamba zawadi ya mfanyabiashara kwa mteja wake ni haramu. Duka likikupunguzia bei kwa sababu wewe ni mteja wake wa zamani, pokea na ushukuru. Tunalosema ni hili: usiifuate zawadi mpaka ikakutoza zaidi ya thamani yake. Ukiongeza safari usiyoihitaji ili upate alama, au ukilipia kiti cha daraja la juu ili kuonekana tu, wewe ndiwe uliyeitoa zawadi, na kampuni ndiyo iliyoipokea.

Faida iliyo kubwa kuliko zote

Iko faida moja ambayo meli humpa kila abiria, wa daraja la juu na wa chini, nayo haina bei ya ziada: jina lake kuandikwa katika orodha ya wasafiri. Hiyo ndiyo tunayotaka kila familia ya Kiislamu iidai.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, chini ya wiki mbili baada ya Idi el-Fitri, meli iitwayo MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli hiyo haikuruhusiwa kuchukua hata abiria 700, lakini tume iliyochunguza ilikuta kwamba walikuwamo zaidi ya watu 2,000. Zaidi ya watu 1,000 hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Na kabla ya hizo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika ziwa Viktoria karibu na Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Misiba miwili ya baharini iliangukia karibu na Idi na Ramadhani, wakati ambao kila mtu ana haraka ya kufika kwa jamaa zake. Haraka hiyo ndiyo imfanyayo mtu apande chombo kilichojaa, akisema, "Tutabanana tu, ni saa chache."

Fikirini sasa hali ya nyumba ambayo mtu wake amepotea baharini, na jina lake halimo katika orodha. Nani atashuhudia kwamba alipanda? Mkewe ataanza eda lini? Mirathi yake itagawanywa kwa ushahidi gani? Wanavyuoni wameandika milango mirefu juu ya mafkudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane kama yu hai au amekufa, na katika hali hiyo mali haigawanywi, wala mke hawi huru kuolewa, mpaka kifo kithibitike au kadhi akate shauri. Mjane hukaa kati ya matumaini na matanga kwa miaka. Yote hayo kwa sababu ya mstari mmoja wa wino ulioachwa.

Tuliwahi kumwona gatini baba mmoja aliyekuwa na watoto watano na tiketi nne. Alimwambia mkewe amfunike mdogo kwa kanga, na yule mtoto akipitishwa bila kuhesabiwa, zitakuwa zimeokoka shilingi kadhaa. Bibi mmoja mzee aliyekuwa nyuma yao akasema kwa upole, "Mwanangu, huyo naye ana roho. Mwandikishe." Yule baba aliinamisha uso, akarudi dirishani. Hatujui jina la bibi yule, lakini twamwombea dua hata leo.

Basi iwe kanuni ya nyumba zetu: kila mtu na tiketi yake, kila tiketi na jina la mwenyewe, na hata mtoto mchanga asiyelipiwa nauli jina lake litajwe na liandikwe. Mkiona meli imejaza, teremkeni. Nauli itapatikana tena. Na kabla ya kutoka Morogoro mwachieni mjomba au jirani karatasi yenye majina yenu yote, jina la meli, na siku ya kurudi.

Ndani ya meli

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba wasafiri watatu au zaidi wamteue mmoja awe amiri wao. Katika familia amiri huyo mara nyingi ni baba au mama, lakini twashauri kijana mkubwa naye apewe kazi: awahesabu wadogo zake wakati wa kupanda, wakati wa kukaa, na wakati wa kuteremka. Mkishaketi, jambo la kwanza ni kutazama mahali yalipowekwa majaketi okozi na ulipo mlango wa dharura. Mlimvalishe kila mtoto mara moja kwa majaribio, maana mtoto wa mlimani huenda hajui kuogelea, na saa ya hatari si saa ya kujifunza kufunga kamba.

Kwa kichefuchefu, keti katikati ya meli na upande wa nyuma, ambako hakurushi sana. Kula kidogo kabla ya kuondoka. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa. Usisome wala usiinamie simu. Tazama mbali, mahali bahari inapokutana na mbingu. Tangawizi ya Uluguru, iwe ya kutafuna au ya chai, huwasaidia watu wengi. Dawa ya duka la dawa humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika, na mtoto mdogo asipewe bila ya kuuliza mtaalamu.

Ama Swala, safari hii ya Dar es Salaam na Unguja yachukua saa mbili hivi, na ukipanga vizuri waweza kuswali nchi kavu kabla au baada yake. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Mwulizeni sheikh wenu masharti yake kabla ya kuondoka. Ikiwa itabidi kuswali melini, simama ukiweza, na ukichelea kuanguka, keti. Na Kibla kisikusumbue: kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, na meli iendayo Unguja huelekea huko huko. Hivyo katika kwenda, Kibla kiko upande wa omo; katika kurudi, kiko upande wa tezi.

Dua ya kupanda chombo imo katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na 14, na maneno ya Nabii Nuhu alipopanda safina yamo katika Sura Hud, aya ya 41. Wafundisheni watoto juma moja kabla, ili wayasome wote pamoja nanga inapong'olewa.

Ndugu zetu, tawakali si kuacha matayarisho. Aliyeulizwa juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kwa msafiri wa bahari kufunga ngamia ni kusikiliza khabari za upepo, kukataa chombo kilichojaa, na kuhakikisha kwamba kila roho aliyoitoa nyumbani kwake imeandikwa kwa jina lake. Akisha kufanya hayo, na asafiri kwa furaha, awaonyeshe wanawe bahari, na kuwaambia, "Tazameni, haya ndiyo maji yetu ya Uluguru yalikofikia."

Wabillahi tawfiki.