Mlango wa Gereji Ukiwa Wazi

Kwetu Tanga gereji ni mahali pa kupeleka gari bovu: kiwanja chenye mwembe, fundi aliyelala chini ya injini, na kijana anayetumwa dukani kununua spea akarudi na isiyo yenyewe. Ndiyo maana nilipohamia Colorado, kwenye kitongoji kilicho magharibi ya Denver, dalali aliponionyesha nyumba "yenye gereji ya magari mawili" nilidhani mwenyewe alikuwa fundi. Kumbe nyumba zote za mtaa ule zina chumba hicho, na mlango wake ndio mpana kuliko milango yote: ukibonyeza rimoti unapanda juu, unanguruma, unajikunja darini. Magari yenyewe yamelala nje.

Miezi ya mwanzo niliwahukumu vibaya majirani zangu. Mtu anarudi kazini, anaegesha, anaingia, kimya. Mlango wa mbele una kengele na zulia lililoandikwa maneno ya kukaribisha, lakini sikuona mtu akibisha hodi hapo isipokuwa mleta vifurushi. Nikamwambia mama kwenye simu kwamba huku hakuna ujirani, watu wanaishi kama wapangaji wa hoteli. Nilikuwa nautazama mlango usio wenyewe.

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, jua lingali juu, milango ya gereji ikaanza kupanda mmoja baada ya mwingine. Watu wakatoa viti vya kukunja, wakaburuta maboksi wakijiandaa kwenda kupiga kambi milimani, wakaanza kusemezana kutoka ng'ambo hii ya barabara hadi ile. Mtoto akatumwa kuazima pampu. Mzee wa nyumba ya mkono wangu wa kulia, fundi umeme mstaafu, akanipungia mkono nisogee. Nikasimama pale saruji ya gereji yake inapokutana na lami ya uani, nikangoja. Hakuna aliyenifundisha kungoja pale. Miguu ilijua yenyewe, kwa sababu nilikulia nyumba yenye baraza, na mtu aliyekulia barazani anajua mahali ambapo ni nje bado na mahali ambapo pameshakuwa ndani.

Aliniambia nimwite kwa jina lake tupu. Mtu mwenye mvi, rika la baba yangu! Ulimi ukakataa. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, akaipenda. Siku hizi hata mkewe humwita hivyo akitaka kumtania.

Ndani ya gereji ya Mzee gari haliwezi kuingia hata kwa dua. Si yeye peke yake. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliozichunguza nyumba za familia 32 huko Los Angeles, na kuchapisha kitabu mwaka 2012, waliona kwamba ni robo tu ya gereji zilizokuwa na nafasi ya gari. Lakini ya Mzee haijajaa ovyo. Ukuta mmoja una ubao wa vitobo, na kila shoka, msumeno na nyundo imechorewa kivuli chake kwa kalamu nyeusi, ili kitu kikiazimwa pengo lionekane. Ukuta wa pili una rafu za maboksi meusi ya plastiki yenye vifuniko vya manjano, na kila boksi lina lebo iliyochapwa kwa kimashine kidogo: JIKO, TAA, MVUA, MBWA. Mifuko ya kulalia inaning'inia kwenye henga kama kanzu za siku ya Idi. Nilimuuliza kwa nini haikunji, ingechukua nafasi ndogo. Akanitazama kama niliyetukana. Manyoya ya bata yakikaa miezi yamebanwa, alisema, hayainuki tena, na mfuko usioinuka hauna joto.

Elimu ya namna hiyo anayo nyingi, na anaitoa bila kuulizwa. Mtungi wa gesi haulali ndani, unakaa nje penye hewa. Kichujio cha maji kinahamia chumbani kabla ya baridi ya Oktoba, kwa sababu matone yanayobaki ndani yakiganda yanapasua nyuzi zake, na ukikitazama kwa macho hutajua kwamba hakichuji tena. Betri zinatolewa kwenye tochi. Panya ndiye adui mkuu, na hapa Mzee hatanii. Mwaka 1993, pale Colorado inapokutana na New Mexico, Arizona na Utah, watu walianza kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliokuja kugunduliwa kuwa ni wa virusi vya hanta, vinavyobebwa na aina moja ya panya wa porini. Kwa hiyo ukikuta kinyesi cha panya gereji usikifagie kikavu, vumbi lake ndilo linaloua. Unakilowesha kwa maji yenye jiki, unangoja, halafu unakipangusa ukiwa na glavu.

Sikatai kwamba kuna israfu. Mzee na mkewe ni wawili, mahema wanayo manne. Nusu ya maboksi yale sijayaona yakitoka. Lakini nikikumbuka zidaka za nyumba za mawe za Lamu, zilizopangwa sahani za kaure ambazo hakuna aliyezilia wali, nafunga mdomo. Watu hupanga ukutani kile wanachotaka kujulikana kwacho.

Ijumaa mizigo inahamia kwenye pikapu. Pikapu hapa si gari la kubebea mchanga na ndizi kama tulivyozoea. Huendwa nalo kanisani na harusini. Mfululizo wa F wa kampuni ya Ford ndio unaoongoza kwa mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. La Mzee ni la ukoo huo, na limefunikwa bodi kwa paa la faibaglasi lenye madirisha, ndani limetandikwa jukwaa la mbao na godoro. Wao hulala humo. Vijana wa nyumba ya pili wana hema la kukunjua juu ya keria, lenye ngazi ya kupandia. Nilicheka nilipoliona, maana mahema yale nilikuwa nayaona Arusha juu ya magari ya kukodi ya watalii.

Kifaa ninachokipenda ni sanduku la jiko. Mzee alilitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, linakaa nyuma ya bodi likitazama nje. Ukilaza kifuniko chake kinateremka na kuegemea mguu mmoja wa mbao, kinakuwa meza, na ndani zinabaki droo na vyumba vidogo: vijiko, chumvi, kahawa, kikaango cha chuma kizito kama dhambi. Wazo ni la zamani. Mwaka 1866 mfuga ng'ombe wa Texas aitwaye Charles Goodnight alichukua gari la kukokotwa lililokuwa la jeshi, akalifungia nyuma sanduku la namna hii ili mpishi aweze kuwalisha wachungaji safarini, na njia yake ya kuswaga ng'ombe ilikuja kufika Colorado hii hii. Miaka hamsini baadaye Henry Ford, Thomas Edison na tajiri wa matairi Harvey Firestone walikuwa wakienda kupiga kambi wakati wa kiangazi na msafara wa magari, moja likiwa la jiko, pamoja na wapishi na wahudumu. Magazeti yaliwafuata. Sijui kama Edison aliwahi kuosha sufuria.

Kabla ya kuondoka Mzee husoma orodha iliyobandikwa chini ya kifuniko, na mkewe huitikia kutoka ndani ya bodi, kama mwalimu wa chuoni anavyoita majina.

"Kiberiti?"

"Kipo."

"Jembe dogo?"

"Lipo."

"Kifungua makopo?"

Hapo lazima mkewe akinyanyue kionekane. Mwaka mmoja walikisahau, wakafungua maharage kwa bisibisi, na kidole cha Mzee kina kovu mpaka leo.

Barabara kuu ya kwenda milimani ni ile ya I-70, na Ijumaa jioni nusu ya Denver imo humo, bampa kwa bampa. Unaanza kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka kwenye handaki la Eisenhower, lililofunguliwa 1973, zaidi ya mita 3,300. Masikio yanaziba, watoto wanapiga miayo. Ukitoka upande wa pili unaacha lami, unaingia njia ya mawe, na huko ndiko nilikostaajabu: hakuna geti wala risiti. Ni msitu wa taifa, chini ya idara ya misitu iliyoundwa 1905, na sehemu nyingi yeyote anaruhusiwa kulala bure hadi siku 14, ilimradi asikae mahali pamoja kupita muda na aondoke na taka zake.

Uwazi huo una historia yake. Milima hii ilikuwa ya Waute, wenyeji wa asili, na mwaka 1881 wengi wao waliondolewa magharibi ya Colorado kwa nguvu za jeshi wakapelekwa Utah. Mtu wa kwetu anayejua wafugaji walivyohamishwa kutoka hifadhi ya Mkomazi mwaka 1988 hahitaji kuelezwa zaidi. Nilimtajia Mzee habari hiyo kando ya moto. Alinyamaza kidogo, akasema babu yake alikuja kuchimba madini na hakuwahi kuuliza nani alikuwa hapo kabla.

Kambini kuna adabu kali kuliko mjini. Humpigii mwenzako kambi ya karibu kiasi cha kumsikia anakoroma. Chakula hakilali hemani, wala dawa ya meno, wala sabuni. Vyote vinafungiwa ndani ya gari na milango inatiwa kufuli, kwa sababu dubu wa huku wamejifunza kufungua vitasa. Haja kubwa unachimbia shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, na ndiyo kazi ya lile jembe dogo. Moto ndio wenye sheria nyingi. Mwaka 2020 moto wa Cameron Peak uliteketeza ekari zaidi ya 200,000, mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo, na majivu yakatuangukia mjini juu ya magari. Tangu hapo nimemwona Mzee akizima moto wa kambi: anamwaga maji, anakoroga kwa fimbo, anamwaga tena, halafu anapiga goti na kuweka mgongo wa kiganja juu ya majivu. Kama pana vuguvugu, anaanza upya.

Safari yangu ya kwanza nilitaka kuwakirimu. Nikabeba mbaazi kavu na makopo ya tui la nazi, nikasema leo mtakula chakula cha pwani. Tulikuwa karibu mita 3,000. Saa moja ikapita, mbili, tatu. Maji yanachemka kwa kelele, mbaazi ngumu kama kokoto. Mzee akaja na kikombe chake cha kahawa, akasikiliza sufuria, akacheka mpaka akashika kiuno. Urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo unaweza kuyachochea kuni mpaka asubuhi, moto wake hauzidi hapo. Wenyeji hupika nyumbani, wakaja kupasha tu, au hubeba presha kuka. Usiku ule tulikula soseji, tumekaa kwenye mlango wa nyuma wa bodi uliolazwa, miguu ikining'inia, mbwa akingoja chini. Ndipo nilipompigia mama, maana kilimani palikuwa na mtandao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi, mbona upepo?"

Nikamweleza. Akanyamaza.

"Kwani nyumba imefanya nini?"

Nilitafsiri. Mzee alitaka iandikwe kwenye lebo, na ameiandika kweli. Imebandikwa kwenye sanduku la jiko, kwa Kiswahili, herufi kubwa, alama ya kuuliza mwishoni.

Jumapili ni kazi ya kurudisha. Hapa ndipo nilipopata aibu yangu. Nilikuwa nimeazima hema moja la Mzee, mvua ya radi ilitukuta, nikalikunja bichi nikalitupa gereji, nikasema kesho. Kesho ikawa wiki. Nilipolifungua lilikuwa na madoa ya ukungu na harufu ya gunia la dagaa. Kwetu tunaazimana chumvi, mwiko, kinu. Huku duka liko karibu na chumvi haiombwi, lakini hema, deli la barafu, kamba na turubai huzunguka mtaa mzima, na kuna kanuni isiyoandikwa: kinarudi kikavu, kisafi, na kilichotumia gesi kinarudi na mtungi umejaa. Nilikwenda nimelibeba mikononi kama mtoto mgonjwa. Mzee hakufoka. Alilitandaza uani, akaleta siki na sponji mbili, moja akanipa mimi. Tulisugua mpaka magharibi, na watu wawili wa mtaani wakasogea, wakasimama kwenye mstari wa saruji na lami, wakaanza kutoa ushauri.

Siku hizi gereji yangu ina kamba iliyofungwa toka ukuta hadi ukuta, na hema linaanikwa usiku ule ule tunaorudi, hata iwe saa sita. Nina maboksi sita. Lebo ninachapa kwa kimashine cha Mzee, ambacho pengo lake kwenye ubao limechorwa pia. Theluji ya kwanza ilianguka Oktoba. Asubuhi nilimkuta uani akikwangua barafu kwenye kioo cha pikapu yake, nami nikitafuta kitu cha kukwangulia gari langu, kwa kuwa ndani hakuna tena mahali pa kuliingiza.