Cherehani ya Ngozi na Turubai kwa Fundi Mwenye Fedha Kidogo

Leo twataka kunena habari ya cherehani ya kazi nzito, yaani ile iwezayo kushona ngozi na turubai, na namna fundi mwenye fedha kidogo awezavyo kuichagua. Maneno yetu twayaelekeza hasa kwa mafundi wa Namtumbo, katika mkoa wa Ruvuma, walakini fundi wa mahali pengine naye hatakosa faida.

Namtumbo iko katika barabara kuu itokayo Songea kwenda Tunduru hata Mtwara, kadiri ya kilomita 70 kutoka Songea. Wakulima wake hulima mahindi, mpunga, ufuta, korosho na tumbaku. Mazao hutaka turubai la kuanikia na la kufunikia lori. Pikipiki za abiria hutaka viti vishonwe upya. Watoto hutaka mabegi ya shule, na wakubwa hutaka viatu na mikanda. Basi kazi ipo. Linalokosekana mara nyingi ni chombo kifaacho. Mtu aweza kuuza mavuno ya mwaka mzima, akanunua cherehani, na baada ya siku chache sindano zikawa zavunjika, mishono yaruka, na ngozi haisogei. Akiba imekwisha, na deni lingali mlangoni. Kwa hiyo yafaa kujua kwanza, na kununua baadaye.

Tuanze na jinsi mshono unavyofanyika. Sindano huushusha uzi wa juu kupita katika kitambaa. Chini ndoano huushika uzi ule na kuuzungusha kwenye uzi wa bobini. Nyuzi mbili hukutana katikati ya unene wa kitu kinachoshonwa. Kisha meno ya chini hukisogeza mbele kwa hatua moja. Katika kanga kazi hii ni nyepesi. Katika ngozi ni nyingine kabisa: sindano hupata upinzani mkubwa, na meno ya chini huvuta tabaka la chini huku la juu likibaki nyuma. Ndipo mshono unapopinda na sindano kukatika. Kwa sababu hii, mnunuzi asiulize nguvu peke yake, aulize pia, “Cherehani hii husogezaje kitu kizito?”

Kwa jibu la swali hilo twaweza kuzigawanya cherehani katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni cherehani ya kawaida ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, kama Singer za zamani na Butterfly za China. Husogeza kwa meno ya chini tu. Yaweza kushona turubai jembamba, mabegi, na ngozi laini ya tabaka mbili, ikiwa fundi atakwenda polepole na kulizungusha gurudumu kwa mkono penye unene. Bei yake ni ndogo, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, wala haihitaji umeme. Lakini msiitwike mzigo wa kiti cha lori. Kadhalika msidanganyike na maneno ya “kazi nzito” yaliyoandikwa juu ya kasha la cherehani ndogo ya umeme ya nyumbani. Hiyo hushona vizuri pindo la suruali nene, lakini ngozi nene ya kila siku itaichosha upesi.

Aina ya pili ni cherehani ya kutia viraka, yenye mkono mrefu mwembamba uingiao ndani ya kiatu. Iliyo mashuhuri ni Singer 29K. Herufi K yaonyesha kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank katika Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Katika cherehani hii mguu wa juu ndio unaoivuta ngozi, nao hugeuzwa upande wowote, hata fundi ashone kwa kuzunguka pasipo kuigeuza kazi yake. Kwa viatu na mikoba haina mfano. Illa kwa mshono mrefu na ulionyoka wa turubai haifai sana: hatua zake si sawasawa daima, na bobini ya zile za zamani ni ndogo, huisha upesi. Ziko pia za kuzungusha kwa mkono zitengenezwazo China kwa bei ndogo mno. Mwenye subira aweza kuzitumia, lakini ajue kwamba mara nyingi chuma chake hakikulainishwa, na sharti apige tupa kingo zinazokata uzi na kurekebisha ndoano kabla ya kuanza kazi.

Aina ya tatu ni ya mguu unaotembea. Hapa meno ya chini, sindano na mguu wa juu husogea pamoja, hata tabaka zote zikaenda kwa hatua moja. Mfano wake ni Juki DNU-1541, ambayo mguu wake huinuka milimita 9 kwa mkono na 16 kwa goti. Hii ndiyo cherehani ya kweli ya viti, mahema na maturubai. Bei yake ni kubwa; kwa hiyo wengi hununua iliyokwisha kutumika. Nayo hutaka mota. Mota ya zamani huzunguka wakati wote na kula umeme hata fundi akiwa amepumzika. Ya kisasa huzunguka anapokanyaga tu, tena hukubali kwenda polepole. Mwenye uwezo achague hiyo ya pili, na puli ndogo kwenye mota, maana puli ndogo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Sasa tuseme juu ya sindano na uzi, kwa kuwa wengi huilaumu cherehani kwa kosa la sindano. Namba ya sindano ni unene wake: 110 ni milimita 1.10, na 140 ni milimita 1.40. Kwa turubai la kadiri tumieni 100 au 110. Kwa ngozi nene 125 au 140, ikiwa cherehani yenu yazipokea. Sindano ya ngozi ina ncha yenye makali. Msiitumie kwa turubai, kwani hukata nyuzi za kitambaa. Ili kujua kama uzi na sindano vyapatana, pitisheni kipande cha uzi katika tundu, mkivute kwa mikono miwili na kukiinamisha: sindano iteleze yenyewe. Ikikwama, uzi ni mnene mno. Uzi wa pamba huoza kwa mvua. Wa nailoni una nguvu lakini huchoshwa na jua. Kwa turubai la nje, wa poliesta ni bora. Na katika ngozi hatua ya mshono iwe milimita 3 au 4. Matundu yakikaribiana mno, ngozi huchanika kama karatasi iliyotobolewa.

Mkienda Songea au mbali zaidi kutazama cherehani iliyotumika, chukueni ngozi yenu, turubai lenu na uzi wenu. Msikubali kujaribiwa kwa kipande cha nguo cha muuzaji. Zungusheni gurudumu kwa mkono mzunguko kamili na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Kunjeni turubai mara nne, mshone, kisha mtazame upande wa chini: uzi usilegee wala kufanya vifundo. Chunguzeni nyufa katika chuma na kutu chini ya bamba la sindano. Mwisho ulizeni: sindano na bobini za cherehani hii zauzwa wapi? Cherehani isiyo na sindano ni pambo la nyumba.

Ama fedha, pigeni hesabu kabla ya kukopa. Tuseme, kwa mfano tu, cherehani ni shilingi 600,000, na faida ya kiti kimoja cha pikipiki ni shilingi 10,000. Hapo hamna budi kushona viti 60 ili kuirudisha fedha. Mkipata viti viwili kwa juma, ni majuma 30, bila kula faida hata senti. Kama kazi haifiki hapo, heri kuanza na ya kukanyaga, au mafundi watatu washirikiane kununua moja ya mguu unaotembea na kupeana zamu. Tena msitoe fedha yote kwa cherehani. Wekeni sehemu kwa sindano, uzi, mafuta na mkanda.

Kwa ufupi: mshona viatu atafute ya viraka, mshona mabegi ya kukanyaga yamtosha, mwenye wateja wa viti na maturubai kila juma, na umeme wa kutumainiwa, atafute ya mguu unaotembea. Chagueni kwa kazi mliyo nayo leo, wala si kwa ile mnayoiota. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Cherehani ndogo ikitunzwa vema ndiyo itakayonunua kubwa.