Dawa ya Kulainisha Choo: Kipe Kidonge Muda Wake

Kukosa choo kwa siku mbili si lazima kuwe ugonjwa. Tatizo huhesabiwa kuwa sugu pale mtu anapopata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au choo kigumu cha kusukuma kwa nguvu, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi mitatu au zaidi. Wanaofikia hapo huhitaji dawa mara nyingi, na kosa tunalotaka kulizuia ni kurudia dozi kabla ya dozi ya kwanza kufanya kazi.

Chukua mfano wa bisakodili, ambayo kwenye pakiti huandikwa “bisacodyl”. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5, mara moja tu, usiku. Dawa hii huhitaji saa 6 hadi 12. Aliyemeza saa tatu usiku asitarajie choo kabla ya saa tisa usiku, na huenda akasubiri hadi saa tatu asubuhi. Akiamka alfajiri, akaona kimya na kuongeza vingine viwili, dozi zote zitamkuta njiani. Na aliyemo ndani ya mtumbwi kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma hana pa kukimbilia. Aibu ni jambo dogo. Kuharisha sana huondoa maji na potasiamu, na upungufu wa potasiamu hulegeza misuli na waweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo.

Kidonge hicho kimepakwa gamba ili kiyeyuke kwenye utumbo, si tumboni. Kwa hiyo kisitafunwe wala kusagwa, na kisimezwe ndani ya saa moja baada ya maziwa au dawa ya kiungulia.

Laktulosi, dawa ya maji, ni ya polepole zaidi: mtu mzima huanza kwa mililita 15 mara mbili kwa siku, na matokeo huchukua siku mbili, pengine tatu. Pima kwa kipimo kilichomo ndani ya boksi; vijiko vya nyumbani havilingani.

Sanamaki, mafuta ya nyonyo na chumvi ya haluli nazo ni dawa. Kuzichanganya na vidonge ni kuzidisha dozi. Mjamzito asitumie kabisa mafuta ya nyonyo, kwani yanaweza kuchochea uchungu. Ikiwa vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ndivyo vinavyomfungia choo, asiviache kimyakimya, amweleze muuguzi. Mtoto naye asikatiwe kidonge kwa kukisia.

Maji ya kutosha, kunde, mbaazi, kisamvu na mapapai hupunguza haja ya dawa, ingawa si kwa kila mtu.

Usitumie bisakodili au sanamaki kila siku kwa zaidi ya wiki moja bila ushauri wa mtaalamu. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, na usipokee dawa yenye maelezo ya lugha usiyoielewa, kama Kireno kwa bidhaa zilizovushwa kutoka Msumbiji. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, au tumbo likivimba huku unatapika na hata hewa haitoki, usimeze dawa yoyote ya kulainisha choo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula siku hiyohiyo, ukiwa na pakiti za dawa zote unazotumia.